Siku Nilipomshtaki Baba Mdogo kwa Kuuza Jina la Marehemu

Wale mnaoniuliza kwa nini baba yangu mdogo, mzee mzima mwenye fimbo, huinua mikono yote miwili juu kila anaponiona kama mtu aliyekamatwa, leo nitawaambia, maana nimechoka kuwaona mnacheka bila kujua mnachokicheka, na afadhali mcheke mkijua. Aibu ni yangu peke yangu, sitamsingizia mtu, ingawa siku yenyewe nilijitahidi sana kumsingizia.

Nianze na nyumbani ili msipotee. Mimi ni Benadeta wa Kitura, kifungua mimba wa Mzee Otmari. Mama alitangulia, baba akafuata kabla rangi ya msalaba wa mama haijapauka, nami nilikuwa darasa la saba, nikaliacha (mtihani wa kumaliza sikuufanya, siku ile wenzangu wakiwa wameinamia karatasi mimi nilikuwa juu mlimani nachuma kahawa, na nakumbuka nilisikia kengele ya shule nikahesabu matunda kwa nguvu ili nisiifikirie). Wadogo zangu walikuwa watatu. Niliwalea kwa kahawa, mahindi na maharage, na wote wamesoma kunipita, na hilo nalisema kwa furaha ya kweli, ila ndani ya furaha hiyo kulikuwa na kijiba kidogo ambacho ndicho kilichonipeleka pabaya, mtakiona.

Sasa, kwetu mtu akifa jina lake halizikwi. Matanga yakiisha, ukoo unamkalisha mdogo wa marehemu kwenye kigoda na kumwambia, kuanzia leo wewe ndiye yeye. Kwa hiyo baba mdogo Thadei, ambaye alikuwa ameoa ziwani na kuhamia Mbaha, alikalishwa akapewa jina la Otmari. Kwenye mambo ya kawaida ni Thadei, kwenye mambo ya ukoo ni Otmari, na mtoto yeyote wa ukoo akitakiwa kupewa jina hilo, ni yeye peke yake anayeweza kulitamka. Shikeni hapo.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, chama cha ushirika kimelegea, wanunuzi binafsi wanapanda mlima na malori yao kila mmoja na mzani wake na bei yake, na mimi nikachoka kubishana na mizani. Nikaanza kukaanga kahawa yetu mwenyewe, kuitwanga na kuifunga kwenye vipakiti, nikaviandika Kahawa ya Otmari, navipeleka kwenye nyumba za wageni huko Mbamba Bay. Kasiani, mdogo wangu anayenifuata, alikuwa chuoni mjini akisomea kompyuta. Likizo moja akaja, akachukua kadi ya zamani ya baba ya ushirika, ile yenye picha ndogo pembeni, akaondoka nayo, na aliporudi akanichukua hadi Mbinga mjini, kwenye duka la intaneti la Maulidi, akanifungulia kioo cha kompyuta. Nikamwona baba. Baba yangu, kwenye kioo, juu ya maneno Kahawa ya Otmari, ananitazama kama anauliza maharage yamepandwa au bado.

Hiyo ndiyo tovuti yetu. (Kadi yenyewe tuliirudisha kabatini ikaliwa na mchwa mwaka uleule, kwa hiyo sura ya baba ikabaki humo tu, na kokote kwingine duniani haikuwepo.)

Kasiani alinieleza kwa subira. "Dada, jina la tovuti ni kama kiwanja cha kukodi. Tumelisajili kwenye kampuni moja, kila mwaka nitalilipia mimi, na barua za kampuni hiyo zitakuja kwangu. Mtu mwingine yeyote akikuandikia habari za jina, usimjibu. Nipigie kwanza."

Nikasema nimeelewa. Kweli nilikuwa nimeelewa, tatizo halikuwa kichwa.

Baadaye Kasiani alimaliza chuo, akapata kazi, akaoa, wifi yangu Anjela akajifungua mtoto wa kiume. Ikaamuliwa mtoto abatizwe Kitura, na baada ya misa apewe jina la babu yake. Baba mdogo akatumiwa ujumbe Mbaha. Mguu wake ulikuwa umeanza kumsumbua, lakini akajibu atapanda, hata kwa kutambaa.

Wiki moja kabla ya siku hiyo nilikwenda kwa Maulidi kuangalia kama kuna mteja aliyeandika. Maulidi ni mtu wa maduka, wazee wake walitoka Kilwa, alianza na vitenge na mafuta ya taa na sasa alikuwa na kompyuta nne na jenereta nyuma ya nyumba linalokohoa. Barua za Kiingereza alikuwa ananisomea yeye.

"Da Bena, una barua," akasema. "Na huyu mwandishi kakupa cheo."

"Cheo gani?"

"Anasema, Mpendwa Mkurugenzi."

Sitaficha, nilinyoosha mgongo. Maisha yangu yote nimeitwa Bena, dada, na we mama mwenye kahawa, na sasa mtu wa mbali kabisa ameniona kuwa mkurugenzi.

Akaendelea kunisomea. Walisema wao ni ofisi ya kusajili majina ya tovuti huko Asia. Kampuni moja imepeleka maombi ya kusajili jina letu, Kahawa ya Otmari, kwa mikia ya nchi za huko (mkia ni zile herufi za mwisho baada ya nukta, sisi tulikuwa tunaziita hivyo). Wakauliza kama sisi ndio tuliowaruhusu. Kama hatukuwaruhusu, tujibu ndani ya siku saba, la sivyo watapewa.

"Soma tena hapo pa kupewa," nikamwambia. Akasoma tena.

"Da Bena, mimi nauza nusu saa na saa nzima, ushauri siuzi," akasema Maulidi. "Lakini huu nakupa bure. Mpigie Kasiani. Mtu anayekuita mkurugenzi wakati hajui hata jina lako, mimi dukani kwangu nisingemkopesha kiberiti."

Hapo ndipo palipokuwa na uamuzi wangu mdogo, na mdogo kweli, haukufika hata dakika. Nilisema, "Kasiani ana mtoto mchanga, tusimsumbue." Ulikuwa uongo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kumpigia. Kila kitu cha kioo nilimpigia, neno la siri nimelisahau, herufi zimekuwa kubwa ghafla, na kila mara alinijibu kwa sauti ileile ya upole ambayo mimi nilimjibia alipokuwa anajifunza kufunga kamba za viatu. Sauti ile ilikuwa inaniuma. Nikasema leo nitalimaliza mwenyewe, kisha nitamsimulia likiwa limekwisha, ajue dada yake si wa kufungiwa viatu.

"Andika," nikamwambia Maulidi. "Jina hili ni la marehemu baba yangu. Hatujamruhusu mtu. Aliyewapa ni nani?"

"Niandike na marehemu?"

"Andika na marehemu."

Akaandika, anatikisa kichwa.

Niliporudi siku chache baadaye jibu lilikuwepo. (Kasiani aliniambia baadaye kwamba jibu langu ndilo walilokuwa wanalisubiri, mtu aliyejibu amekwisha kuonyesha kwamba anaogopa.) Walishukuru Mkurugenzi kwa ushirikiano. Kwa bahati mbaya, walisema, wale waombaji wanashikilia kwamba wana haki na jina hilo, na ofisi hairuhusiwi kuwataja. Lakini kwa kuwa sisi tulilisajili kwanza, tutapewa nafasi ya kwanza kuilinda mikia yote kwa kuilipia miaka kumi kwa mpigo. Ada yenyewe ingetafuna kahawa ya msimu mzima na kudai na majani yake. Muda sasa ulikuwa siku tatu.

Mimi ada hata sikuitazama vizuri. Nilikwama kwenye maneno manne: wana haki na jina.

Nilipanda mlima kwenda nyumbani nikiyatafuna. Mtu wa Asia amejuaje kuna Otmari duniani? Na nani duniani ana haki na jina la Otmari? Msomi angejiuliza jambo hili kwa namna nyingine, lakini mimi nilikuwa najua jibu moja tu, lile nililoliona kwa macho yangu siku ya kumaliza matanga: mwenye haki ni aliyekalishwa kwenye kigoda. Hayupo mwingine. Na nilipofika hapo, mambo mengine yakaanza kujipanga yenyewe, kama kuku wakisikia mlio wa mahindi kwenye sahani. Miezi michache nyuma baba mdogo alikuja kuchukua mahindi, akaniletea usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani, na wakati wa kuondoka akaniambia, "Mwanangu, hebu niandikie kwenye karatasi jina la ile tovuti ya kaka, herufi kubwa." Nikamwandikia, nikamchania ukurasa wa daftari. Alitaka nini na jina la tovuti, mtu wa Mbaha ambako hakuna hata kompyuta moja? Na siku hiyohiyo, si nilimwona barabarani amesimama na mnunuzi mmoja wa lori, wanazungumza kwa muda mrefu, anamwonyesha kitu mkononi?

Nilipofika Kitura baba mdogo alikuwa ameshahukumiwa.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili ya ubatizo, na ilikuwa pia siku ya mwisho ya ile barua. Kasiani na mkewe walifika asubuhi gari likiwa limewachelewesha, wakaingia kanisani moja kwa moja, kwa hiyo sikupata nafasi ya kuzungumza naye (ningeipata kama ningeitaka). Baada ya misa watu wakajaa uani kwetu, ukoo, majirani, kwaya nzima. Kigoda kikawekwa juu ya mkeka. Baba mdogo akakaa, mguu mbaya ameunyoosha mbele, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama. Akawekewa mtoto mapajani.

Kwetu, kabla jina halijatamkwa, mwenye jina anauliza swali moja. Ni la desturi tu, halijibiwi na mtu, kama vile padri anavyouliza harusini kama yupo mwenye kipingamizi.

"Jina hili nililikuta, nami nitaliacha," akasema baba mdogo. "Mwenye neno nalo aseme."

Pakawa kimya, kimya kile cha desturi, watu wanajiandaa kupiga vigelegele.

"Mimi nina neno," nikasema.

Shangazi Filomena, dada mkubwa wa baba na baba mdogo, aliyekuwa karibu nami, akanivuta kitenge. "Bena, kaa chini, jua limekupata. Kama ni ugali umepungua, sema polepole."

"Ugali upo, shangazi. Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu," akasema, ananitazama. "Asubuhi ulishanisalimia."

Watu wakacheka kidogo. Mimi sikucheka. Nikatoa ile barua, Maulidi alikuwa amenichapia, nikaishika mbele kama wafanyavyo makarani wa mahakama. "Uliniomba nikuandikie jina la tovuti ya baba kwenye karatasi. Karatasi hiyo ulimpa nani?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu jina la baba limeuzwa Asia."

Nyuma kwenye kwaya mtu akauliza, "Asia ya wapi?" na mwenzake akamjibu, "Labda ni yule Asia wa pale kwa Maulidi, anauza maandazi." Vicheko vikaanza pembeni. Mimi nikapandisha sauti, na nikiwa nimeshaipandisha sikuona njia ya kuishusha. Nikasema yote. Nikasema lori. Nikasema wenye haki na jina. Nikasema kwamba mimi niliacha shule kwa ajili ya jina hili, kwamba nimelibeba mgongoni kutoka hapa hadi Mbamba Bay kwa vipakiti, na kwamba wengine walipewa tu kwa kukalishwa kwenye kigoda na sasa wanalipeleka sokoni. Hilo la mwisho sikuwa nimepanga kulisema. Lilitoka lenyewe, na nililisikia likitua juu ya mkeka.

Hakuna aliyecheka tena.

Baba mdogo alimrudishia wifi mtoto, taratibu, kichwa kwanza, kama mtu mwenye muda mwingi. Akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati akatoa kipochi cha nailoni, akakifungua. Ndani mlikuwa na rozari, na chini ya rozari ukurasa wa daftari uliokunjwa mara nne, mikunjo imeshaanza kuchanika.

"Karatasi yako hii hapa," akasema. "Haijatoka kwenye mfuko huu ila siku moja. Nilimwonyesha yule wa lori. Kasiani alikuwa ameniambia humo ndani kuna sura ya kaka. Nikamwomba anifungulie nimwone. Akasema kwenye lori hakuna kompyuta. Ndiyo mazungumzo yetu hayo. Mengine yalikuwa bei ya usipa." Akaikunja tena. "Leo nilikuwa nimepanga nimwombe Kasiani, baada ya chakula, anipeleke mjini. Sina picha ya kaka. Uso wake umeanza kunipotea."

Ningependa kuwaambia kwamba hapo nilianguka chini nikaomba msamaha. Nilisimama tu, na barua mkononi, kama mtu anayesubiri gari kituo kisicho chake.

Kasiani akaja akaichukua ile barua kwangu. Akaisoma, na nikaona midomo yake inabana, nikajua anazuia ile sauti ya upole, na siku hiyo ningeomba anipe tu, ingekuwa nafuu.

"Dada, hawa umewalipa?"

"Bado. Nilitaka leo ukoo tuchange."

"Afadhali." Akawageukia watu, maana wote walikuwa wanasubiri, na barua ilikuwa ya wote sasa. "Hii barua imetumwa kwa watu maelfu. Ofisini kwetu imekuja mara mbili, nyingine kwa jina jingine. Hakuna kampuni inayolitaka jina la baba. Majina ya tovuti yanaonekana na kila mtu, kama majina yaliyobandikwa ukutani, hawa wanapita wanayanakili na kuwatisha wenyewe. Kampuni tuliyosajili kwayo siyo hii. Aliyesajili ni mimi, na mimi hawakuniandikia. Na hata mtu angechukua mkia mwingine kweli, kiwanja chetu kingebaki palepale na baba ndani yake."

"Sasa siku tatu za nini?" akauliza shangazi Filomena.

"Za kumzuia asiulize mtu, shangazi."

Basi. Maneno hayo machache yalinipiga kuliko yote. Hawakuwa wamenizuia wao kuuliza. Nilikuwa nimejizuia mwenyewe, wao walikuja wakakuta mlango umeshafungwa kwa ndani.

Baba mdogo akasimama kwa fimbo. "Jina leo sitalitamka," akasema, bila hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Mdomo ulioambiwa umeliuza, ukilitoa leo mtoto atakua nalo vibaya. Nisameheni, wageni wangu, kuleni chakula." Yeye hakula. Akaomba lifti ya gari la mizigo lililokuwa linashuka ziwani, akaenda na shati lake jeupe.

Mtoto akabaki hana jina. Padri alimpa la ubatizo, lakini kijiji hakikulitumia hilo. Kwa wiki tatu Kitura nzima ilimwita Asia. "Asia amelala?" "Asia ananyonya?" Mwanamke mmoja kisimani aliniuliza, uso mkavu kama jiwe, kama Asia ni wa kiume kweli au wameuziwa vibaya. Wifi Anjela, aliyebaki kwetu akisubiri mtoto apewe jina, alicheka mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu aliingia ndani na mtoto, akafunga mlango, na mimi nikajua kwamba kitu nilichokuwa nakilinda kwa nguvu zote nimekivunja mimi mwenyewe, na hakuna wa Asia aliyenisaidia.

Nikaenda kwa Maulidi. Alikuwa amekwisha kusikia. Habari ya Kitura hufika mjini kabla ya mwenyewe.

"Karibu, Mkurugenzi," akasema.

"Maulidi, leo usinifungulie. Nitafungua mwenyewe."

Nikakaa, nikapapasa herufi moja moja, nikakosea, nikarudia, Maulidi amesimama nyuma yangu mikono mgongoni hasemi neno (na kwa mtu kama yeye hiyo ni sadaka kubwa). Nusu saa ikaisha, akaongeza nyingine, akasema hii haina bei. Baba akatokea. Nikamwomba Maulidi aichape ile picha, kubwa, kwenye karatasi nzito aliyokuwa anachapia kadi za harusi.

Nikashuka na kuku, unga na vipakiti vyangu vya kahawa, gari la mizigo mpaka ziwani, kisha kwa miguu. Nilimkuta baba mdogo amekaa kizingitini anachambua usipa uliokauka, anautoa mchanga. Nikapiga magoti pale pale, kwenye magamba.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Umekuja na askari, au wanakuja nyuma?"

"Nimekuja peke yangu. Nimekosa. Nilikosa kwako na nikakosa kwa baba, na yale ya kigoda sikupaswa kuyasema."

Alichambua kama usipa kumi hivi. "Yale ya kigoda ulikuwa nayo siku nyingi," akasema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa sahihi kidogo. Mimi nilipewa jina, wewe ukapewa mzigo. Hakuna aliyekuuliza." Akafuta mikono kwenye suruali. "Hiyo karatasi ngumu ni barua nyingine?"

Nikampa. Aliipeleka kwenye mwanga, akaishika mbali, akaileta karibu, akaishika mbali tena. Nilisubiri alie, nami nimejiandaa kulia naye. Badala yake akakunja uso kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Huyu ndiye kaka? Mbona kijana?"

"Ndiye, baba mdogo. Ni picha ya kadi ya ushirika."

"Mimi miaka yote namkumbuka mkubwa. Yeye ndiye alikuwa ananituma kuni." Akapitisha kidole gumba kwenye shavu la picha. "Kumbe nimeshampita. Sasa mimi ndiye mkubwa wake." Akaiegemeza picha kwenye mwimo wa mlango, kisha akasema, "Mleteni mtoto. Mimi mlima siwezi tena."

Tukamshusha mtoto Mbaha. Tulikuwa wachache, hakuna kwaya. Picha imewekwa kwenye kigoda kingine kando, baba mdogo amekaa, mtoto mapajani, akasema yale maneno ya kwamba jina alilikuta naye ataliacha, mwenye neno nalo aseme. Kisha akageuza kichwa polepole akanitazama mimi, na wote wakageuka wakanitazama mimi, hata wifi, na mimi nikajiziba mdomo kwa mikono miwili, kweli, kama mtoto, na ndipo vigelegele vikapigwa juu ya kicheko. Mtoto akaitwa Otmari. Tangu siku hiyo baba mdogo akiniona huinua mikono, kabla hata sijasema shikamoo.

Barua nyingine imekuja tangu hapo. Hii ilikuwa ya karatasi, kwa njia ya posta, ina muhuri na mistari kama hati ya madai, inasema jina letu la tovuti linakwisha muda, tulipie haraka. Niliitazama vizuri. Kampuni si ile yetu. Mkia wa jina si ule wetu. Na wananiharakisha. Nikaichukua nikaiweka juu ya chanja ya kuanikia, kati ya kahawa iliyolowa, nikaweka jiwe juu yake, na jioni nikapanda kilimani penye mtandao, nikampigia Kasiani, nikamwambia kabla hajauliza, "Nimeikamata moja." Akacheka, akaniuliza nilijuaje, na kwa mara ya kwanza kwenye mambo ya kioo mimi ndiye niliyeeleza na yeye ndiye aliyesikiliza.

Hiyo ndiyo nadhiri yangu, na wanawake wenzangu wa kahawa nimewafundisha: barua inayonitaka nikimbie, inalala kwenye chanja mpaka kahawa iliyo kando yake ikauke. Kahawa yetu haikauki kwa siku tatu. Na muda wote huo nauliza, namuuliza mdogo wangu, namuuliza Maulidi, ningemuuliza hata Asia wa maandazi, na sauti ya upole nikijibiwa naipokea, maana nimeshajua bei ya kuikataa, na aliyeilipa hakuwa mimi. Alikuwa mzee mmoja mwenye mguu mbaya, aliyepanda mlima na shati lililopigwa pasi, akitaka tu kuonyeshwa uso wa kaka yake.